Ndevu za Malkia na Ngazi ya Bruno

Alhamisi, tarehe 7 Machi 2024. Usiku wa kuamkia siku hiyo upepo ulivuma juu ya mji wa Kasongo, mkoani Maniema, mashariki mwa Kongo, kuanzia saa nane hadi karibu na alfajiri, kisha mvua ikanyesha kwa nguvu. Asubuhi anga lilikuwa jeupe kama maji ya mchele, ardhi imelowa, na jua halikuonekana mpaka saa nne.

Pascaline, mchora vibao, alikuwa uani kwake akichuja rangi kwa kitambaa, maana rangi iliyokaa huota ngozi juu kama maziwa, na ngozi hiyo ikinaswa na burashi huharibu herufi. Akasikia hodi. Aliyeingia ni Iliasi, mwenye duka la vitenge karibu na soko, mtu wa familia ya Kiislamu iliyokaa Kasongo tangu enzi za mababu wa babu yake. Alikuwa rafiki mkubwa wa marehemu Bruno, mume wa Pascaline, na kwa hiyo waliitana shemeji. Kichwani alibeba kipande kirefu cha bati.

"Mama Bruno, nimekuletea maiti."

"Karibu, shemeji. Nani amekufa?"

"Kibao changu. Upepo umeking'oa, umekilaza kwa mulango wa jirani. Sasa jirani anasema duka limehamia kwake."

"Jirani mwenye akili. Na wewe umehamia wapi?"

"Hapa kwako, kama utanipokea."

"Nikupokee na wake zako wawili? Nyumba yangu iko ndogo."

Walicheka. Pascaline akakishika kile kibao akakitazama uso. Kilikuwa kazi ya mwaka 2011. Herufi nyekundu zilikuwa zimefifia, lakini zilisimama vizuri, na chini pembeni ilionekana sahihi aliyoijua kuliko alama za viganja vyake: Bruno, herufi ya mwisho ikiachia mkia kama ndege anayeruka.

"Nitaanza na herufi," alisema.

"Hapana. Anzia mugongo."

"Kutu iko mugongo?"

"Mbele iko muzima, shemeji. Wewe anzia mugongo."

Alisema hivyo bila kucheka, na Iliasi kusema jambo bila kucheka ni kitu cha nadra. Lakini Pascaline alikuwa na haraka. Alikiegemeza kibao kwenye ukuta wa jiko, uso ukitazama nje, akachukua makopo yake na ngazi yake, akaenda shuleni, alikokuwa na ukuta wa kumaliza.

Pascaline alizaliwa mwaka 1966 katika kijiji kilicho kwenye njia ya Nyangwe. Kila kiangazi mama yake alipaka nyumba yao udongo mweupe, na mtoto aliruhusiwa kuchora kwa vidole sehemu ya chini tu, ile ambayo mvua na mbuzi wangeifuta. Alisoma mpaka mwaka wa nne wa sekondari. Bruno alikuja kutoka Kabambare kuandika jina la kanisa juu ya mlango wa parokia yao. Pascaline alikuwa akipita na ndoo ya maji, akasimama, akamwambia kijana yule juu ya ngazi kwamba herufi yake ya tatu imelewa. Bruno akashuka, akarudi nyuma hatua kumi, akaona ni kweli. Mwaka uliofuata walioana. Yeye ni Mzimba, Bruno alikuwa Mbangubangu, kila mmoja na lugha ya kwao; walipendana kwa Kiswahili.

Kazi ilikuwa moja na mikono minne. Bruno alipima na kuchora mistari, Pascaline alijaza rangi. Walichora vibao vya maduka na vya maduka ya dawa, majina ya mitumbwi kule mtoni Nyangwe, na misalaba. Baada ya vita walichora sana nyuso za wafu. Familia ilileta fotokopi ya kadi ya mpiga kura, kwa sababu mara nyingi hiyo ndiyo picha pekee ambayo marehemu aliacha duniani, nao waliikuza kwenye ubao. Fotokopi za sokoni huwa na ugonjwa wao: mashine huacha mstari mweusi unaoshuka juu ya karatasi, ukipita kwenye jicho au kidevu cha mtu bila heshima. Pascaline alijifunza kuutoa ule mstari na kuurudisha uso jinsi ulivyokuwa. Bruno alisema hakuna mtu Maniema nzima aliyewanawisha wafu wengi kama mke wake.

Mwaka 2004 mkono wa kuume wa Bruno ulianza kutetemeka. Mwanzoni ulitetemeka asubuhi tu, kisha kutwa. Mwaka 2007, njia ilipopitika tena, waliitwa Kabambare na mfanyabiashara mmoja wa nguo aliyetaka ukuta mzima wa duka lake. Walipanda pikipiki moja, wote wawili nyuma ya dereva, na ngazi imefungwa ubavuni. Pascaline alipochukua burashi, yule bwana aliuliza kinachoendelea.

"Mimi niliita Bruno," alisema. "Sikuita muke wa Bruno. Mukono wa mwanamuke hauiti mutu dukani."

Bruno hakubishana. Alitundika turubai mbele ya ukuta, akasema ni kwa ajili ya vumbi, na wote wawili wakaingia nyuma yake. Pascaline alipanda ngazi akachora. Bruno alishika ngazi kwa mikono yote miwili, mkono mzima ukiutuliza ule unaotetemeka, na kwa siku tatu alikohoa, alipiga mluzi, alijisifu kwa sauti ili walio nje wasikie mwanaume akifanya kazi. "Aa, Bruno! Herufi hii imekaa, Bruno! Mama, nipe nyekundu!" Pascaline, na nyekundu yake mkononi, aliuma kanga asicheke. Turubai liliposhushwa, mwenye duka alirudi nyuma, akatazama, akapiga kofi moja.

"Ona! Ule ni mukono wa mwanaume!"

Bruno alianza kucheka njiani, wakaipita Lusangi anacheka. Walipofika nyumbani alikuwa bado anacheka, machozi yanamtoka, na Pascaline hakujua ni saa ngapi machozi yale yaliacha kuwa ya kicheko.

Tangu hapo wakaendelea na mtindo wa turubai. Pascaline alichora, na chini aliandika Bruno na mkia wa ndege. Kazi moja tu ilibaki mikononi mwa mume wake: mgongo wa kibao. Bati lazima lipakwe nyuma rangi nyekundu ya kuzuia kutu, kwa burashi pana, na kazi hiyo haijali mkono unaotetemeka. "Mugongo ni wangu," Bruno alisema. "Usiuguse, usiuchungulie." Alimtuma mke wake akaoshe burashi, naye mwenyewe alibaki nyuma ya nyumba peke yake na kopo lake. Pascaline aliona ni haki. Mtu aliyenyang'anywa kazi yake na ugonjwa aachiwe walau mgongo.

Bruno alifariki mwaka 2015. Miaka tisa baadaye vibao vya Kasongo vilikuwa bado vinatiwa sahihi ya Bruno. Wenyeji walijua ni mkono wa nani. Wageni walimwita Mama Bruno wakidhani ni jina la mtoto, na wengine walimwuliza mwanawe Bruno yuko wapi, mbona anamwachia mama yake mzee kupanda ngazi.

Ukuta wa shule ulikuwa jambo jipya. Prefe Hippolyte, mkuu wa shule moja ya sekondari ya wasichana, alitaka uchorwe kwa ajili ya sikukuu ya wanawake ya tarehe nane Machi. Mwalimu wa historia, Arlette, alichagua malkia mmoja wa Misri ya kale aitwaye Hatshepsut, akampa Pascaline fotokopi ya picha ya sanamu yake. Pascaline alianza Jumatatu. Alhamisi ile, saa nne, jua lilipotokea, malkia alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti chake, mrefu kuliko mlango wa darasa, mikono juu ya mapaja, kitambaa cha mistari kichwani, uso laini, macho yakitazama mbali kama mtu anayesubiri habari njema bila haraka.

Wasichana walitoka kwa mapumziko, wakakusanyika, wakasema ni mzuri. Kisha Arlette akaja. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyesoma mjini Kindu. Alitazama ukuta, akatazama fotokopi iliyobandikwa kwenye ngazi, akaweka mkono mdomoni.

"Mama, ndevu ziko wapi?"

"Ndevu za nani?"

"Za malkia."

Pascaline alishuka kipago kimoja cha ngazi. "Mwalimu, umeamka muzuri leo?"

"Nimeamka muzuri. Huyu iko na ndevu, mama. Ona karatasi."

Pascaline akaivaa miwani yake, akaona. Kwenye kidevu cha malkia palishuka mstari mweusi mpaka kifuani, na mwingine mwembamba ulipanda kuelekea sikio.

"Hii?" alisema. "Hii ni mashine ya fotokopi. Nimeitoa. Mimi najua kuitoa."

Arlette alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi ya darasa. "Siyo mashine! Ni ndevu! Umemunyoa malkia, mama!"

Wasichana walilipuka. Mmoja akasema afadhali, mwanamke gani huyo, na mwingine akasema bibi yake kule kijijini anazo tatu na hakuna aliyemchora. Pascaline alicheka pia, lakini uso ulimwaka moto. Miaka yote aliwasafisha wafu, na hakuwahi kumwondolea mtu kitu kilichokuwa chake.

"Mwanamuke na ndevu," alisema. "Alizaliwa nazo?"

"Alizifunga kwa uzi," alisema Arlette. "Hiyo nyembamba ya sikio ndiyo uzi wenyewe."

Kengele ilikuwa bado. Arlette alimsimulia pale pale, na wasichana wakakaa. Ni zaidi ya miaka elfu tatu na mia nne iliyopita. Mume wake alikuwa mfalme, akafa. Mrithi alikuwa mtoto mdogo wa mke mwingine. Hatshepsut alianza kwa kumshikia mtoto kiti, na baada ya miaka michache akakikalia mwenyewe kama mfalme kamili. Watu wa kule walizoea kumwona mfalme na mavazi fulani na ndevu fulani za kubandika, basi wachongaji wakamchonga hivyo, ili anayepita aone mfalme. Alitawala zaidi ya miaka ishirini. Alituma majahazi nchi ya mbali yakarudi na miti ya uvumba, mizizi yake imo vikapuni. Alijenga hekalu chini ya mwamba ambalo mpaka leo watu wanakwenda kulishangaa.

"Kwa hiyo alichora nyuma ya turubai," Pascaline alisema.

Arlette hakuelewa. Pascaline akauliza, "Na mwisho wake?"

"Alikufa. Miaka mingi baadaye mufalme aliyemufuata akatuma watu na patasi. Walifuta sura yake ukutani, wakavunja sanamu zake, wakazitupa shimoni. Jina lake pia walilichimba." Arlette akafikiri kidogo. "Na mahali pengine, pale walipofuta jina lake, walichonga jina la mume wake."

Pascaline alikuwa akikoroga rangi nyeusi. Mkono ukasimama.

"La mume wake?"

"Ndiyo. Au la baba yake. Watu wa vitabu walihangaika sana kuelewa. Walisoma jina la mwanaume lakini kazi ilikuwa ya mwanamuke."

Kengele ililia. Wasichana waliondoka. Wakati huo huo Prefe Hippolyte alipita, mtu mnene wa adabu nyingi, akausifu ukuta, akasema kesho saa tatu wageni wanafika, na mchoraji atasimamishwa mbele yao. "Tunataka jina lako pale chini, mama. Jina lako mwenyewe. Wasichana hawa waone kwamba ni mwanamuke aliyechora."

Alipokwenda, Arlette alibaki. "Utaandika, mama?"

"Nitaandika ndevu kwanza."

"Mama."

Pascaline aliweka burashi juu ya kopo. "Mwanangu, nisikilize. Bruno hana kaburi la sementi. Tulizika kwa msalaba wa mbao, mchwa wameula, nimeweka mwingine, nao wataula. Jina lake liko kwenye vibao tu. Upepo wa usiku umeshusha kimoja. Kila mwaka vinapungua. Nikiandika Pascaline leo, kesho watu watasema Pascaline, na keshokutwa Bruno ni nani? Mimi ndiye nitakuwa nimeshika patasi."

"Na ukiandika Bruno?"

Pascaline alichukua burashi akapanda ngazi. Swali hilo ndilo lililomuuma mchana kutwa. Alimchora malkia ndevu zake, nyeusi, zimesukwa, na uzi mwembamba mpaka sikioni. Alifanya kazi polepole, maana uzi ule ulitaka burashi ya nywele tano. Ndevu zilipokaa aliona uso umebadilika: macho yalikuwa yale yale, lakini sasa yalikuwa ya mtu anayejua kitu ambacho wengine hawajui, tena kinachomchekesha kidogo. Aliutambua uso huo. Ulikuwa wake mwenyewe, nyuma ya turubai kule Kabambare, akiuma kanga.

Saa tisa kazi ilikuwa imekwisha, isipokuwa ile nafasi ya chini, upande wa kulia. Alisimama mbele yake na burashi mpaka rangi ikaanza kukauka kwenye nywele. Kisha akaiosha burashi, akafunga makopo, akaenda nyumbani bila kuandika chochote.

Jua lilikuwa bado juu ya paa la jirani. Alipika majani ya muhogo, hakula. Kwa sababu mikono yake haikuzoea kukaa, alichukua kile kibao cha Iliasi ili walau asugue kutu. Akakumbuka: anzia mgongo. Akakilaza juu ya meza, akakigeuza.

Kulikuwa na mabaki ya vumbi la miaka kumi na tatu na nyumba ya nyigu ya udongo. Aliipangua kwa kisu. Akapitisha kitambaa chenye maji. Rangi nyekundu ya kuzuia kutu ikatokea, na juu yake, kwa nyeupe, maandishi. Herufi zilikuwa zimetetemeka kama zimeandikwa juu ya pikipiki. Moja ilikuwa kubwa, nyingine ndogo, mstari ulipanda ukashuka. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeandika hivyo.

Mukono wa Pascaline. Bruno alishika ngazi.

Pascaline alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasoma mara ya pili kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Alifuata kila herufi palipokuwa na mtetemeko, na kidole chake kikatetemeka pale pale.

Akavaa viatu akaenda dukani kwa Iliasi. Alimkuta anakunja vitenge.

"Shemeji, ulisoma?"

"Nilisoma," alisema Iliasi. "Asubuhi kilikuwa chini, kimelala kifudifudi mbele ya mulango wa jirani, mvua imekiosha kidogo. Jirani ndiye aliniita. Aliniuliza, Bruno alishika ngazi ya nani?"

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia Bruno alikuwa na akili kuliko sisi wote, alishika ngazi ili asianguke yeye." Akakunja kitenge kimoja, akakikunjua, akakikunja tena. "Shemeji, mimi nilikuwa najua ni mukono wako. Kila mutu hapa sokoni alikuwa anajua. Lakini sikujua kama Bruno alikuwa anaandika mugongo."

"Unafikiri ni hiki peke yake?"

Iliasi alitoka mlangoni, akamwonyesha barabara kwa kidevu. Pale mbele palikuwa na kibao cha duka la dawa, mbele zaidi cha fundi wa baiskeli, na kingine cha mwuza chumvi, vyote vya miaka ile, vyote vikiwa na mkia wa ndege pembeni, vyote vikiwa vimegeuza mgongo ukutani.

"Tungojee upepo mwingine," alisema.

Pascaline alicheka, na katikati ya kicheko akajifunika uso na kanga. Iliasi akaingia ndani ya duka akashughulika na kitu kisichohitaji kushughulikiwa, mpaka Pascaline alipomaliza.

Asubuhi yake, Ijumaa tarehe nane, kulikuwa kweupe bila upepo. Pascaline aliamka kabla ya jogoo wa jirani. Kwanza alipaka mgongo wa kibao cha Iliasi rangi mpya ya kuzuia kutu, akiyazunguka yale maandishi kwa burashi ndogo, bila kugusa hata herufi moja. Kisha alioga, akavaa kitenge cha sikukuu, akabeba ngazi na kopo la rangi nyeupe, akafika shuleni kabla ya mtu yeyote isipokuwa mlinzi.

Alipiga magoti mbele ya ukuta, chini upande wa kulia. Aliandika Pascaline, na herufi ya mwisho akaipa mkia wa ndege. Chini yake, bila kusahihisha mtetemeko wowote, akaiga mwandiko aliousoma kwa kidole: Bruno alishika ngazi. Kisha akaisimamisha ngazi pembeni, akakaa kwenye kipago chake cha chini, na akabaki pale kuwafukuza kuku wa mlinzi wasije wakagusa rangi kabla haijakauka.